Ondoa Kwanza Kabla ya Kuongeza: Somo la Gitaa Kutoka Albamu ya Manzanita

Vijana wanaopiga gitaa huniuliza namna ya kuchukua nyimbo za asili za kwao na kuzipa sura mpya bila kuziharibu. Wengi wao wanapoianza kazi hiyo hukimbilia kuongeza: kinanda, midundo ya kompyuta, besi nzito, kodi ngumu (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) walizojifunza mtandaoni. Nimepiga rithimu kwenye bendi za dansi kwa miaka mingi, na ushauri ninaoutoa ni kinyume cha hayo. Ondoa kwanza. Baadaye ndipo uongeze, tena kidogo. Sehemu kubwa ya imani hii niliijenga kwa kusikiliza albamu moja ya Kimarekani, Manzanita ya mpiga gitaa Tony Rice, iliyotolewa na Rounder Records mwaka 1979.

Rice alizaliwa Danville, jimbo la Virginia, mwaka 1951, akakulia California. Muziki wake ni bluegrass. Kwa asiyeujua, huu ni muziki uliopewa umbo na Bill Monroe, mpiga mandolini kutoka Rosine, Kentucky, akiwa na bendi yake ya Blue Grass Boys. Umbo hilo lilikamilika mwishoni mwa mwaka 1945, alipojiunga naye kijana Earl Scruggs aliyecharaza banjo kwa vidole vitatu. Ala zake ni mandolini, fidla, banjo, gitaa na besi kubwa ya kusimama. Dramu hakuna. Na msidhani kwamba muziki huu ulizaliwa ukiwa safi usioguswa na mtu: fidla na nyimbo nyingi za visa zilikuja na wahamiaji wa Uskoti, Ireland na Uingereza, bluzi ilitoka kwa Wamarekani weusi, na banjo yenyewe ina asili ya Afrika Magharibi, ambako Wajola wa Senegali na Gambia bado wanapiga akonting, ala iliyo ndugu yake. Anayekwambia kuchanganya ni kosa hajatazama muziki wowote kwa karibu. Jambo la kubishania ni namna ya kuchanganya.

Sasa sikiliza alichofanya Rice. Kwenye Manzanita hakuna banjo. Albamu nzima, wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, ala ambayo wasikilizaji wengi huitambulia bluegrass haipo.

Uzito wa uamuzi huo unaeleweka ukijua kila ala ina kazi gani. Besi hushika pigo la kwanza na la tatu. Mandolini hukata kwa mkato mfupi, mkavu, kwenye pigo la pili na la nne, na hiyo ndiyo kazi ambayo sisi kwenye dansi tungempa mpiga dramu. Banjo humwaga noti mfululizo, kali, zinazong'aa, bila kuacha pengo. Gitaa la mbao lisilo na umeme likikaa karibu na mvua hiyo ya noti, linamezwa. Ndiyo maana kwa miaka mingi gitaa la bluegrass lilibaki kuwa chombo cha kusindikiza mwimbaji. Wapigaji kama Doc Watson na Clarence White ndio walioonyesha katika miaka ya 1960 kwamba linaweza kubeba solo kama fidla.

Rice alipoiondoa banjo, nafasi iliyobaki hakuijaza na kitu kingine. Aliiacha wazi. Ghafla unasikia mambo ambayo kwa kawaida hayasikiki: jinsi uzi mzito wa gitaa unavyoanza noti na jinsi unavyozimwa, dobro ya Jerry Douglas, gitaa linalopigwa kwa kutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, ikiteleza nyuma ya sauti ya mwimbaji, pumzi kati ya mstari na mstari. Wapo pia Sam Bush, David Grisman, Ricky Skaggs, Darol Anger na Todd Phillips, watu ambao kila mmoja angeweza kuijaza albamu peke yake. Hawagombanii nafasi. Kila mmoja anasema lake, ananyamaza.

Hilo halikutokea kwa bahati. Hadi mwaka 1975 Rice alikuwa kwenye bendi ya J.D. Crowe, mmoja wa wapiga banjo wakubwa wa Kentucky. Halafu akahamia California kujiunga na mpiga mandolini David Grisman, aliyekuwa akiunda muziki wa ala tupu uliopakana na jazi. Kule ilimbidi ajifunze kodi na nadharia ambazo bluegrass haikuwahi kumdai. Katika kipindi hichohicho cha Manzanita alitoa pia albamu nyingine, Acoustics, isiyo na uimbaji, na majaribio yake mengi ya kijazi aliyaweka kule.

Hapa pana funzo ambalo mimi nalithamini kuliko mengine. Rice alikuwa na elimu mpya nyingi mkononi, na aliporudi kwenye nyimbo za zamani hakuimwaga yote. Aliipa makao yake pengine, ikastawi huko, na wimbo wa watu akauacha upumue. Ukiwa na mambo mapya unayotaka kuyajaribu, yatengenezee kipande chake cha ala tupu, uyachezee humo mpaka uchoke. Wimbo wa bibi zako usiufanye uwanja wa mazoezi ya vidole.

Maendeleo basi yako wapi ndani ya Manzanita, ikiwa nyimbo ni za zamani na kodi nyingi ni zilezile? Yako kwenye mapigo na kwenye solo. Sikiliza Little Sadie. Ni wimbo wa kale wa muuaji anayekimbia, anakamatwa, anahukumiwa. Rice anauimba kwa utulivu, karibu kama anayetoa ushahidi mahakamani. Maneno hayapambwi hata kidogo. Kati ya beti na beti gitaa linafunguka: noti inaanza nusu pigo kabla ya ulipoitarajia, noti ya bluzi inaingia pasipokuwa pake, kisha kila kitu kinarudi mahali pake hasa mwimbaji anapotaka kuanza. Kisa kinabaki cha zamani, na kilicho kipya kimewekwa pale ambapo hakuna neno linaloweza kufunikwa.

Kwa njia hiyohiyo msikilize akiimba Ginseng Sullivan, wimbo wa Norman Blake kuhusu mtu anayechimba mizizi ya dawa milimani Georgia huku moyo wake uko kwao Mississippi. Halafu Home from the Forest wa Mkanada Gordon Lightfoot, wenye habari za mzee anayekufa mjini akiwa mpweke. Hizi ni nyimbo za watunzi waliokuwa hai wakati ule, lakini zimekaa pamoja na nyimbo zisizo na mtunzi anayejulikana na hazionekani wageni. Kwa mwanamuziki wa kwetu hii ni ruhusa kubwa. Wimbo wako mpya unaweza kukaa jirani na wimbo wa ngoma wa mababu, mradi uzungumze kwa unyofu uleule.

Twende kwenye mazoezi, maana ushauri usiofika vidoleni hauna faida kwa mpiga gitaa. Usianze na solo zake. Najua zinavutia, na mtandao umejaa watu wanaokufundisha solo ya Blackberry Blossom noti kwa noti. Anza na rithimu yake. Weka albamu, shika piki, kile kipande kidogo cha kuchapia nyuzi, piga naye kodi tu tangu mwanzo hadi mwisho: uzi wa besi, kodi, uzi wa besi, kodi. Utagundua mkono wake wa kulia hauko sawa kutoka mstari mmoja hadi mwingine. Mahali fulani anapiga kodi yote, mahali pengine anagusa nyuzi mbili tu, na pengine anaacha kabisa pigo ambalo ulikuwa na hakika litakuja. Anamsikiliza mwimbaji wakati wote, hata pale mwimbaji ni yeye mwenyewe. Kaa na kazi hiyo kwa majuma kadhaa kabla ya kugusa solo hata moja. Mpiga rithimu anayejua lini anyamaze ataajiriwa na bendi yoyote.

Ukifika kwenye solo, ipunguze kasi hadi nusu na uimbe kila kifungu kwa mdomo kabla ya kukipiga. Kifungu usichoweza kukiimba hujakielewa bado. Angalia pia piki inavyokwenda chini na juu kwa mpangilio, kwa sababu kasi ya Rice inatoka kwenye kifundo cha mkono kilicholegea, nguvu za bega hazihitajiki. Habari za gitaa lake zisikutishe. Ni kweli alipiga gitaa la Martin, aina ya D-28, ya mwaka 1935, iliyowahi kuwa ya Clarence White na yenye tundu la sauti lililopanuliwa. Aliinunua mwaka 1975, miaka miwili baada ya White kugongwa na gari na kufa. Ni chombo chenye historia nzito. Lakini utaratibu wa mkono wa kulia unajifunzika hata kwenye gitaa la bei ya chini, mradi nyuzi ni mpya na limetuniwa sawasawa.

Tena sisi hatuanzi mikono mitupu. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti aliyekuwa akirekodi muziki wa Afrika, alimrekodi mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco kule Jadotville, Katanga, mji unaoitwa Likasi siku hizi, akipiga wimbo wake Masanga. Mwenda alitumia kidole gumba na cha shahada pale ambapo Rice alitumia piki, na gitaa moja likasikika kama mawili. Mwaka 1969 alipanda jukwaa la tamasha la Newport huko Marekani, mbele ya wapenzi walewale wa muziki wa asili. Ukimsikiliza Mwenda na Rice siku moja, utaona wote wawili wanaukabidhi uzi mzito kazi ya kutunza muda ili nyuzi nyembamba ziwe huru kuzungumza. Hiyo ni njia ambayo mkono wako, kama ulilelewa na muziki wa kwetu, tayari unaifahamu nusu.

Sasa chukua wimbo mmoja wa kwenu, wa mavuno au wa harusi, ambao mama yako anaujua bila kuambiwa jina. Uimbe na gitaa peke yake mpaka wimbo usimame wenyewe. Ongeza ala moja tu, ile inayofanya kazi ambayo gitaa haliwezi. Sisi tulifanya hivyo na wimbo wa ngoma ambao bendi yetu ilikuwa ikiupiga kwa ala zote. Tukabaki na gitaa, manyanga na sauti mbili, na usiku huo ndipo wazee waliokuwa ukumbini walipoanza kuitikia.

Ukishaizoea Manzanita, nenda kwenye albamu ya mwaka 1980 ambayo Rice alifanya na Ricky Skaggs. Hapo wameondoa zaidi: wamebaki watu wawili, gitaa na mandolini, na sauti zao. Kisha Church Street Blues ya mwaka 1983, ambayo sehemu kubwa ni Rice na gitaa lake. Zisikilize ukijua kwamba sauti ile ya kuimba aliipoteza mwaka 1994 kwa maradhi ya koo na hakuimba tena jukwaani. Aliendelea kupiga gitaa kwa miaka mingi, akaingizwa kwenye ukumbi wa heshima wa bluegrass mwaka 2013, na akafariki siku ya Krismasi mwaka 2020.

Na unapofanya mazoezi na mwimbaji wako, weka simu mwisho wa chumba, mjirekodi, msikilize siku inayofuata. Kama maneno yote ya wimbo yanasikika bila kutega sikio, rithimu yako sasa inaweza kubeba solo.