Zile nukta tatu ziliniuzisha baiskeli

Wewe kijana wa Tororo, usimlipe mwenye matatu! Umeandika kwamba gazeti limemnukuu msanii akisema "Nitakuwepo Lugogo", yaani kwenye tamasha la huko Kampala, picha yake iko ukurasa wa mbele, nawe umeshaanza kukusanya nauli za watu. Nimepita humo humo. Sokoni Busia hadi leo wapo wanaoniita Promota.

Mimi nilisoma kwenye tovuti moja ya udaku: "Nitakuwepo Lugogo... mashabiki wangu jiandaeni." Nikaamini, si maneno yamewekwa kwenye alama za kunukuu? Nikakodi matatu ya viti 14. Dereva alitaka chake chote kabla ya kuwasha gari, abiria wakanilipa, tukaondoka alfajiri tukiimba. Kufika Lugogo, wasanii wengine wote wapo, yeye hayupo. Mama mmoja muuza samaki, aliyefunga meza yake siku hiyo kwa ajili ya msanii huyo tu, alinidai nauli palepale getini, kwa sauti, hadi askari wakasogea kusikiliza. Nilirudisha pesa za watu kidogo kidogo, mpaka baiskeli ikauzwa. Faida yangu ilikuwa kuku wa kuchoma wa Namawojjolo, pale barabarani kabla ya Kampala, na huyo nilimla wakati wa kwenda.

Sasa sikia uhuni wenyewe. Mtoto wa dada yangu aliitafuta rekodi ya mahojiano ya redioni ambamo tovuti ile iliyachota maneno hayo. Msanii alisema kwa Kiganda: nitakuwepo Lugogo, promota akinimalizia pesa yangu. Umeziona nukta tatu? Ndimo walimomfukia promota na deni lake! Nikampigia yule anayejiita mhariri wa burudani wa tovuti ile. Akanijibu bila haya kwamba wao "walifupisha tu, ssebo", yaani bwana. Ssebo gani? Ulichofupisha ni baiskeli yangu.

Na habari za ukurasa wa mbele usinitajie. Aprili 2023 jarida moja la Ujerumani, Die Aktuelle, lilimweka Michael Schumacher, yule bingwa wa zamani wa mbio za magari, mbele likitangaza mahojiano yake ya kwanza tangu aumie kichwa kwenye theluji huko Ufaransa, Desemba 2013. Majibu yote yalikuwa yametungwa na akili mnemba. Mhariri akafukuzwa, familia ikalipwa euro 200,000. Wenzetu wana mawakili. Sisi tuna dereva anayesema pesa ikishaingia mfukoni haitoki.

Kwa hiyo usitoe hata shilingi kabla hujaisikia sauti yenyewe, sentensi nzima, mwanzo hadi mwisho, na kujua nani alimuuliza na lini. Hakuna sauti, hakuna safari. Gazeti likisema "mtu wa karibu naye ameeleza", hilo la kufungia maandazi. Na huyo msanii wako, ambaye kila tukimsikia anachanganya Kiganda na lugha ya vijiweni, akinukuliwa kwa Kiingereza kilichonyooka kama cha Spika wa Bunge, jua katikati yupo mtu aliyemtengenezea maneno. Kwa nini usipige simu kwa waandaaji wenyewe? Ni dakika mbili tu, na mimi ningepiga nisingekuwa natembea kwa miguu.

Uliuliza pia hoteli za bei nafuu Kampala na kitu kingine cha tiketi, nimesahau, wengine watakujibu. Mimi niambie moja tu: huyo dereva umeshampa ngapi?