Kabla hujanunua mashine ya hewa ya majitaka: niliyoyaona Mtwara

Wiki iliyopita nilipigiwa simu na mwenye nyumba ya wageni anayejenga Mikindani. Ameletewa bei mbili za mtambo wa kusafisha majitaka, moja karibu mara mbili ya nyingine, na anataka kujua jambo moja tu: "Fundi, nichukue ipi?" Nikamrudishia swali. Kisahani cha hewa, kile kinachotoa mapovu chini ya tangi, kikipasuka Jumamosi usiku na wageni wamejaa, nani atakitoa tangini, na kipya kitatoka wapi? Akanyamaza. Tukaongea karibu saa nzima, na mengi niliyomweleza nayaandika hapa kwa ajili ya wengine wanaojenga hoteli, hosteli, zahanati na viwanda vya korosho huku kwetu Mtwara na Lindi.

Mimi ni fundi wa umeme na mabomba. Mwaka wa tisa huu natunza mtambo mdogo wa hoteli moja ya Shangani, hapa Mtwara mjini, na nimeitwa kutengeneza mingine kadhaa mpaka Lindi mjini. Mitambo karibu yote niliyoikuta imekufa ilikuwa na mashine nzima. Kilichokuwa kimekufa ni tope.

Hewa yenyewe haisafishi maji. Wanaosafisha ni bakteria walio kwenye tope la rangi ya kahawia ndani ya tangi. Wao ndio wanaokula uchafu, na ili wale sharti wapumue. Edward Ardern na William Lockett walilieleza hili Manchester, Uingereza, mwaka 1914: walipuliza hewa kwenye majitaka, wakayaacha yatulie, wakamwaga maji ya juu, kisha wakalibakiza tope lile lile lipokee majitaka mapya. Kila walivyorudia, kazi ilizidi kwenda haraka. Bloa (mashine ya kupuliza hewa), mabomba na visahani unavyouziwa leo vipo kwa ajili ya kulipatia pumzi tope hilo, mchana na usiku. Kipimo tunacholenga ni oksijeni ya miligramu 2 hivi katika kila lita ya maji ya tangini.

Mwaka wangu wa pili pale hotelini meneja aliniita ofisini, bili ya umeme iko mezani. "Fundi, mashine yako inanguruma usiku kucha na wageni wamelala. Tuizime saa nne, tuiwashe alfajiri." Hoja yake haikuwa ya ovyo. Katika mtambo wa aina hii, kupuliza hewa kunaweza kula nusu ya umeme wote, au zaidi. Nami sikuwa na uzoefu wa kumpinga, tukazima. Siku tatu za kwanza hakuna aliyeona tofauti. Siku ya tano rangi ya tangi ilitoka kahawia ikawa kijivu. Wiki haijaisha maji yakawa meusi, tope linaelea juu kama ugali ulioungua, na harufu ya mayai viza inapeperushwa na kusi moja kwa moja hadi kwenye meza za chakula. Tuliita gari la majitaka likanyonya, tukaenda kuomba tope hai kwenye mtambo mwingine, tukalileta kwa mapipa, tukalilisha kidogo kidogo. Maji safi yalirudi baada ya karibu mwezi. Bili ya umeme tuliyoikwepa haikufika hata nusu ya gharama za mwezi huo.

Kupunguza umeme kunawezekana, lakini kwa taima, saa ya kuwasha na kuzima mashine yenyewe. Usiku, majitaka yakiwa machache, mashine ipulize dakika 40 ipumzike 20. Bakteria wanavumilia vipindi vifupi vya namna hiyo, hata umeme ukikatika kwa saa mbili tatu. Wasichovumilia ni kunyimwa pumzi saa nane kila siku.

Sasa ile bei mbili. Mtambo wa bei ya juu aliopewa yule ndugu wa Mikindani una visahani vya mpira vyenye vitundu vidogo sana, vinavyotoa mapovu laini. Ule wa bei ya chini una mabomba yenye matundu makubwa, mapovu yake ni kama ya sufuria inayochemka. Povu laini hupanda polepole na linagusa maji eneo kubwa zaidi, kwa hiyo oksijeni nyingi huingia majini. Kwa maji safi, visahani huingiza takriban asilimia 6 ya oksijeni ya hewa kwa kila mita ya kina. Mapovu makubwa huingiza nusu ya hapo au chini zaidi. Ukisoma katalogi peke yake utachagua visahani bila kufikiri mara mbili.

Lakini takwimu za katalogi ni za maji safi yenye nyuzi 20. Ndani ya tangi letu kuna sabuni ya unga ya kufulia mashuka, mafuta ya kukaangia samaki, na tui la nazi. Sabuni na mafuta hubadilisha ngozi ya povu, na oksijeni inayoingia inaweza kushuka mpaka nusu. Halafu kuna joto. Maji ya nyuzi 20 yanaweza kubeba oksijeni ya miligramu 9 kwa lita, ya nyuzi 30 hubeba 7.5 hivi, na wakati huo huo bakteria kwenye joto wanakula kwa kasi na kudai pumzi zaidi. Mtambo uliopigiwa hesabu za Ulaya ukiletwa Mtwara mwezi wa Januari unahema. Mwambie muuzaji akupe hesabu ya nyuzi 30 na majitaka halisi. Akisema haina tofauti, tafuta muuzaji mwingine.

Nitakuonyesha hesabu yenyewe, maana haina uchawi. Chukua nyumba ya wageni yenye watu 60 pamoja na wafanyakazi. Mtu mmoja kwa siku hutoa uchafu wa gramu 50 hivi kwa kipimo cha BOD, yaani oksijeni ambayo bakteria watahitaji kuula uchafu huo kwa siku tano. Watu 60 ni kilo 3. Ukitaka na amonia ya mkojo ishughulikiwe, weka kilo 2 za oksijeni kwa kila kilo ya uchafu, unapata kilo 6 kwa siku. Mita moja ya ujazo ya hewa ya huku ina oksijeni ya gramu 270 hivi. Kwenye tangi la maji ya mita 3 kwenda chini, visahani vingeingiza asilimia 18 kwa maji safi. Ikate nusu kwa ajili ya uchafu, inabaki 9, sawa na gramu 24 kwa kila mita ya ujazo. Kilo 6 gawa kwa hizo gramu 24: mita 250 za ujazo kwa siku, kama 10 na kitu kwa saa. Watu wanaoga asubuhi kwa pamoja, basi zidisha mara mbili. Unahitaji bloa ya mita za ujazo 20 hadi 25 kwa saa, yenye uwezo wa kusukuma dhidi ya maji ya mita 3, ambayo ni mgandamizo wa baa 0.3, pamoja na ziada kidogo ya msuguano wa bomba na visahani. Nimekuta nyumba ya ukubwa huo imeuziwa mashine mara nne ya hapo, na nimekuta zahanati yenye pampu ya hewa inayofaa kwa bwawa la samaki wa mapambo.

Ushauri wangu kwa yule ndugu ulikuwa huu: chukua visahani laini kwa masharti mawili, na ukishindwa hata moja, chukua mabomba ya matundu makubwa ukubali kulipa umeme zaidi. Sharti la kwanza, visahani vikae kwenye fremu inayoinuliwa kwa mnyororo maji yakiwa tangini. Visahani vilivyofungwa sakafuni moja kwa moja vina maana moja: siku ya kuvisafisha unamwaga tangi zima, na tope lako hai unalipoteza. Sharti la pili, mtego wa mafuta jikoni usafishwe kila wiki, na awepo mtu mwenye kazi hiyo kwa jina lake. Pale kwetu kazi hii ilikuwa haina mwenyewe mpaka nilipomwomba dada anayeongoza jikoni aje kuona kisahani nilichokitoa, kimefunikwa ukoko mweupe wa mafuta wenye unene wa kidole. Alikishika mwenyewe. Tangu siku hiyo sijamkumbusha hata mara moja.

Geji ya mgandamizo pale kwenye bloa ni rafiki yako wa kwanza. Ikipanda taratibu wiki hadi wiki, visahani vinaziba. Ikishuka ghafla, kuna mpira umepasuka au bomba limeachia. Kisha tazama uso wa maji: mapovu yasambae sawasawa. Mahali pamoja pakichemka kwa nguvu kuliko kwingine, chini yake kuna kisahani kilichopasuka. Pembe ikitulia kabisa, kimeziba. Kipimo changu kingine ni jagi angavu la lita moja. Nachota maji ya tangini, naliacha dakika 30. Tope likitulia kwenye mililita 200 au 300 na maji ya juu yakawa mang'avu, nalala usingizi. Kipima oksijeni cha umeme ni kizuri, nami nakitumia, lakini jagi halihitaji betri.

Chumba cha bloa kinahitaji madirisha pande mbili. Hewa ikibanwa inapata joto kali, na ukiongeza joto la mchana wa huku, oili inaungua na beringi zinalia kabla ya wakati. Kwa sababu hiyo hiyo usiruhusu fundi aunganishe PVC moja kwa moja kwenye mdomo wa bloa. Nimeiona imelainika na kujikunja. Mita kadhaa za mwanzo ziwe bomba la chuma. Na huku pwani chumvi iko hewani: boliti za kawaida zinakufa ndani ya mwaka mmoja, filta inashika ukoko. Weka boliti za chuma kisichoshika kutu hasa zile zinazozama majini, na upande wa kuvutia hewa uupe kisogo bahari.

Umeme ukikatika, maji hutaka kurudi nyuma ndani ya bomba. Bomba la hewa lipande kwanza juu ya usawa wa maji ndipo lishuke tangini, na liwe na valvu ya kuzuia kurudi. Siku moja baada ya mafundi kubadilisha nyaya kwenye nguzo niliikuta bloa inanguruma vizuri na uso wa tangi umetulia tuli. Fezi mbili zilikuwa zimebadilishana, mota inazunguka kinyumenyume, inavuta badala ya kupuliza. Valvu ilijifunga, ikatuokoa. Bila hiyo tungevuta tope mpaka kwenye mashine. Sasa nimefunga kifaa kinachozuia mota kuwaka fezi zikipishana au moja ikikosekana, na nimechora mshale mwekundu kwenye kifuniko cha mkanda ili hata mlinzi ajue upande wa kuzunguka.

Kwa mwenye eneo kubwa, hasa viwanda vya korosho na shule zilizo nje ya mji, ningesema usinunue bloa kabisa. Chimba mabwawa ya kutulizia majitaka. Jua letu linakuza mwani, mwani unatoa oksijeni, na hakuna kinachoungua. Hata bwawa hupimwa na kusakafiwa vizuri, maana udongo wetu wa mchanga unavujisha, na visima vya watu viko karibu. Mtambo wa hewa unafaa pale ambapo ardhi ni finyu, kama Shangani, na bahari iko mlangoni. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2007 zinataka BOD isizidi miligramu 30 kwa lita kabla maji hayajatoka kwako. Mimi kila maji yanapokupwa nawaona akina mama wakiinama miambani wanachokoa pweza, mita chache kutoka kwenye bomba letu la kutolea. Pweza huyo analiwa jioni hiyo hiyo.

Jambo moja silisemi kwa utani hata kidogo. Asishuke mtu ndani ya tangi lililomwagwa, hata kama linaonekana kavu, kabla halijapulizwa hewa ya kutosha, hajafungwa kamba, na hawajasimama wawili juu. Gesi ya tope lililooza huua pua kwanza, ndipo inamwangusha mtu. Asiyesikia harufu hayuko salama.

Na vipuri. Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 500. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoleta mvua zilizokata barabara kule Kilwa, mkanda wa bloa yetu ulikuwa kwenye basi lililokwama upande wa pili. Nilifunga mkanda wa mashine ya kusaga usiolingana, nikawa naupumzisha kila saa, nikalala chumbani mle usiku tatu mpaka mzigo ulipofika. Sasa ndani ya sanduku langu kuna mikanda miwili, visahani sita, filta mbili, beringi za pande zote mbili, kontakta moja (swichi ya kuwashia mota) na lita nne za oili. Yule ndugu wa Mikindani nimemwambia asisaini mkataba mpaka sanduku kama hilo liandikwe ndani ya bei.