Wimbo Uandikishwe kwa Majina Yote Manne

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Nakuru aliniandikia. Bendi yao ina watu wanne, wimbo wa kwanza uko tayari, na mwimbaji anataka uandikishwe kwa jina lake peke yake kwa kuwa maneno ni yake. "Kaka, hiyo ni haki?" Si haki, mdogo wangu. Na nitakujibu kwa kirefu, maana umegusa kidonda.

Mimi ni mtu wa R.E.M., bendi ya roki ya Marekani iliyokuwa na watu wanne kama yenu, tangu ujana. Kaseti ya Out of Time, iliyotoka 1991, niliuziwa na baharia mmoja Mombasa. Wenzangu walikuwa wa reggae na taarabu za harusini, wakaniona nimerogwa. Lakini upande wa kwanza, wimbo wa pili, kulikuwa na mandolini, ile ala ndogo ya nyuzi! Mpiga gitaa wao, Peter Buck, ndio kwanza alikuwa anajifunza ala hiyo, akiidonoadonoa huku anatazama televisheni. Humo ndimo ilimotoka Losing My Religion, wimbo usio na kiitikio cha kawaida, na bado ulifika nafasi ya 4 kule Marekani.

Baadaye nikaipata Murmur, albamu yao ya kwanza, ya 1983. Hapo mwimbaji wao, Michael Stipe, anamung'unya maneno utadhani hataki usikie. Nilikuwa nakaa na daftari la shule, nasikiliza mstari, narudisha kaseti, naandika ninachodhani amesema, nakata, naandika tena. Kuna kurasa zilizokuwa mikwaruzo mitupu. Ila besi ya Mike Mills niliishika yote, na sauti yake ya kuitikia pia, na gitaa, na dramu za Bill Berry. Sasa mwambie mwimbaji wenu: hii ni albamu ambayo maneno yake hayasikiki vizuri, na watu wanaipenda hadi leo. Ni ya nani, kama si ya wote wanne?

Wenyewe walilijua hilo. Nyimbo zao ziliandikwa Berry, Buck, Mills, Stipe, kwa mpangilio wa alfabeti, na mapato ya utunzi wakagawana sawa bila kuulizana nani kaleta nini. Na msidhani mpiga dramu alikuwa akibebwa. Everybody Hurts ya 1992 ilianzia zaidi kwa Berry, ilhali mdundo unaousikia mle mwanzoni ni wa mashine. Angelipwa kwa kupiga dramu tu, wimbo huo ungempa nini?

Yangu mimi ni fupi. Tulikuwa na bendi, tukipiga kwenye hoteli za Pwani. Kulikuwa na wimbo mmoja ambao kila mtu alikuwa akiuimba, na kilichoubeba ni vipande vya gitaa nilivyovitunga mimi, usiku, wenzangu wamelala. Mwenzetu mmoja akaenda kimyakimya kuusajili kwa jina lake. Tulipomuuliza akasema, "Nyinyi mlinisindikiza tu." Kunisindikiza! Mpaka leo ukipigwa harusini nainuka na kutoka nje, nikijifanya napokea simu. Sitamtaja. Anajijua, na najua anasoma hapa.

Kwa hiyo vijana, kabla ya studio, karatasi. Majina yote, fungu la kila mmoja, sahihi, kila mtu na nakala yake. Msiseme "sisi ni ndugu". Ndugu ndio wanaoshtakiana kwa mashamba. Na mkisajili wimbo, nendeni wote, asitumwe mmoja. Halafu kubalianeni kama walivyokubaliana R.E.M.: mmoja akikataa jambo, halifanyiki. Linachosha, najua, lakini ndilo linalozuia watu wawili kukaa pembeni na kuwauza wengine. Narudia: karatasi kwanza, studio baadaye.

Mnaona inavyolipa? Berry alianguka jukwaani Lausanne, Uswisi, mwaka 1995, mshipa wa ubongo umepasuka. Alipona, na 1997 akaomba kuondoka, kwa sharti moja: wenzake wasivunje bendi kwa ajili yake. Akaenda kulima Georgia, Marekani. Waliobaki waliendelea hadi 2011, wakaachana bila kuburutana mahakamani. Mwezi Juni 2024, walipotunukiwa New York kama watunzi, wote wanne walipanda jukwaani na kuupiga ule wimbo wa mandolini. Nimeitazama video hiyo mara nyingi kuliko inavyomfaa mtu wa umri wangu. Mimi na wale wenzangu hata msibani hatukai hema moja.

Mwimbaji wenu akikataa kutia sahihi, msirekodi naye. Atawatishia kwamba sauti kama yake hamtaipata. Nendeni Jumapili mkasikilize kwaya yoyote hapo Nakuru.