Hesabu yasema pantoni litafunga gatini, wavu umekwama

SWALI: Mhariri, nimechora wavu wa Petri (mchoro wa vituo vyenye tokeni, yaani alama za kuhesabia, na matukio yanayozihamisha) wa pantoni la Magogoni–Kigamboni. Vituo ni p1 pantoni zinazosubiri (tokeni 3), p2 pantoni gatini (0), p3 gati tupu (1), p4 ruhusa ya kufunga (0). Tukio t1, kufunga gatini, huchukua tokeni p1, p3 na p4, huweka p2 na kurudisha p4. Tukio t2, kuondoka, huchukua p2 na kurudisha p1 na p3. Mlinganyo wa hali (hesabu ya tokeni zitakazokuwepo baada ya matukio) unakubali t1, kompyuta inakataa. Nani mkweli? – Mwanafunzi, Kigamboni

JIBU: Kompyuta. Matriksi C, yaani jedwali la mabadiliko ya kila kituo, ni kinachowekwa kutoa kinachochukuliwa, nayo safu zako kwa (t1, t2) ni p1 (−1, 1), p2 (1, −1), p3 (−1, 1), p4 (0, 0). Hiyo ya mwisho ndiyo yenye kasoro: ruhusa inachukuliwa na kurudishwa papo hapo, 1 − 1 ni sifuri, basi M = M₀ + Cσ (tokeni za mwisho ni za mwanzo kujumlisha C mara σ, idadi ya kila tukio) haioni kabisa kwamba inahitajika.

Kipasue kitanzi hicho cha p4 na t1: gawa t1 mara mbili. Tukio t1a lichukue p1, p3 na p4, liweke tokeni kituo kipya p5, "pantoni linafunga". T1b lichukue p5, liweke p2 na p4. Lakini usiukimbilie tena mlinganyo wa hali! Ukijumlisha t1a na t1b, p4 inarudi sifuri, na utadanganyika vilevile, kwa kuwa σ hubeba idadi ya matukio tu, si mfuatano wake.

Badala yake tafuta y, orodha ya uzito wa kila kituo, yenye yᵀC = 0 kwa C ya wavu mpya: jumla ya tokeni kwa uzito huo haibadiliki. Vekta (0, 0, 0, 1, 1) inatoa M4 + M5 = 0 daima (M4 ni tokeni za p4, M5 za p5); tokeni hazishuki chini ya sifuri, kwa hiyo t1a na t1b hayatokei kamwe. Ili pantoni liweze kufunga, weka tokeni 1 kwenye p4 mwanzoni. Vekta (0, 1, 1, 0, 1) nayo inatoa M2 + M3 + M5 = 1: pantoni mbili haziwezi kukutana gatini, na umelithibitisha hilo bila kupitia hali hata moja. Hiyo iandike kwenye ripoti.

SWALI: Programu inanipa y za yᵀC = 0 zenye −0.3333. Nimekosea? – Msomaji, Ubungo

JIBU: Si lazima. Fanya upunguzaji wa Gauss (kuondoa vigeu kimoja kimoja) kwa namba za sehemu, si desimali, kisha zidisha kwa KDS (kigawe kidogo cha shirika) ya maasili, namba za chini za sehemu hizo. Alama ya hasi haibatilishi jibu, ila vekta hiyo pekee haithibitishi kwamba tokeni zina kikomo. Ukitaka zisizo hasi tumia algoriti ya Farkas, na ujiandae: wavu mkubwa unaweza kutoa vekta nyingi kupita kiasi.