Tarumbeta la Fedha na Vumbi la Dodoma: Kwa Mliojiunga Mwaka Huu

Mgeni kwenye kundi la matarumbeta akikabidhiwa ala iliyochovywa fedha, kitu cha kwanza anachoulizia ni cha kusugulia. Anataka Jumapili iwake hadi mlangoni mwa kanisa. Simlaumu, kitu cheupe kinachometameta mkononi mwa kijana si jambo dogo. Ila kwa muda ambao nimeshika funguo za stoo ya ala zetu hapa Dodoma, matarumbeta niliyoyaona yamekwisha fedha hayakumalizwa na weusi. Yalimalizwa na watu waliokuwa wakiutoa weusi huo. Ndiyo maana karibu yote nitakayowaambia yanahusu kuzuia. Kusugua kutakuja mwishoni, tena kwa ufupi.

Kwanza ujue umeshika nini. Mwili wa tarumbeta, tromboni au tuba ni shaba ya njano, yaani shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki. Juu yake kiwanda huweka koti. Lipo koti la vanishi, ambalo huonekana kama dhahabu. Hilo usilipake polishi ya aina yoyote, linataka kitambaa chenye unyevu na basi. Lipo la nikeli, jeupe, ambalo likizeeka hufifia na kuwa na ukungu. La fedha utalitambua kwa tabia yake: hupiga manjano hafifu, kisha kahawia, kisha bluu au zambarau, mwisho nyeusi. Ala zetu nyingi zimekuja zikiwa zimetumika, nyingine ni zawadi za marafiki wa kanisa kutoka Ulaya, nyingine zimenunuliwa Kariakoo bila karatasi ya maelezo. Kwa hiyo usitegemee maandishi ya sandukuni, angalia rangi.

Huo mchovyo wa fedha ni mwembamba sana. Hupimwa kwa sehemu za elfu za milimita, na unywele mmoja wa kichwani kwako ni mnene kuliko koti zima mara kadhaa. Weka hilo akilini kila unaposhika kitambaa.

Sasa weusi wenyewe. Wengi hudhani ni uchafu uliokaa juu ya fedha, lakini sivyo. Fedha imekutana na salfa na kugeuka kuwa salfaidi ya fedha. Maana yake ni kwamba ule weusi unaobaki kwenye kitambaa ulikuwa sehemu ya koti lako. Ukiusugua, koti linapungua, na halirudi. Salfa hiyo huja zaidi kwa njia ya hewa, hasa kwenye gesi ya haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai viza. Haihitaji iwe nyingi kiasi cha kunuka. Kidogo tu, kikiwa na muda na unyevu, kinatosha.

Na hapo kwenye unyevu Dodoma inatubeba. Tuko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100, mvua zetu kwa mwaka ni kama milimita 600 au pungufu, na karibu zote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Wenzetu wa Tanga na Dar es Salaam wanapigana na hewa ya bahari mwaka mzima. Hapa kwetu tarumbeta lililofutwa vizuri na kufungiwa linaweza kuvuka kiangazi likiwa bado jeupe. Kwa hiyo ala ya mtu wa hapa ikiwa nyeusi tii mwezi Agosti, mimi huuliza kwanza inalala wapi.

Majibu ninayopata hayabadiliki sana. Adui wa kwanza ni mpira. Mnajua tunavyosafirisha tuba: kwenye bodaboda au nyuma ya kirikuu, limekazwa kwa vipande vya tyubu ya gari. Mpira wa tairi na tyubu hutengenezwa kwa kupikwa na salfa, na salfa hiyo hubaki humo. Ukiufunga juu ya fedha, kesho yake utakuta mstari mweusi ulionyooka kama wa rula, na siku za joto hauchukui hata hiyo kesho. Rababendi za kufungia noti za muziki ni hivyo hivyo. Tumia kamba ya katani au mkanda wa kitambaa, na hata hiyo ifungwe juu ya sanduku, usiifunge kwenye ala yenyewe.

Adui wa pili ni wa kwetu kabisa. Nyumba nyingi za Hombolo, Mpunguzi na Makutupora zina mizabibu, na mwenye mizabibu hupambana na ubwiri unga kwa salfa. Mfuko wa salfa ya unga unakaa wapi? Kwenye chumba hichohicho cha jembe, bomba la dawa na, kwa bahati mbaya, sanduku la tarumbeta. Unga ule ni mwepesi, unapita kwenye mwanya wowote, na ukitua kwenye fedha unaanza kazi bila kusubiri masika. Mzee wa nyumba akiwa mkulima wa zabibu, mwombe tarumbeta lihamie chumba cha kulala. Na ukitoka kupulizia dawa shambani, oga na ubadili nguo kabla ya mazoezi. Sisemi hivi kwa ajili ya usafi wa kanisani.

Waliobaki nitawataja kwa haraka: magunia ya vitunguu, mayai, kiberiti ndani ya sanduku, taa ya mafuta, jenereta, na stoo iliyojengwa ukuta mmoja na choo cha shimo. Hiyo ya mwisho ni ya viongozi. Kanisa likipanga chumba cha ala, lisipange kile ambacho hakuna anayekitaka kwa sababu ya harufu.

Halafu kuna sanduku lenyewe. Bitana ya sufu au ya kitambaa kinene kilichogundishwa kwa gundi ya zamani inaweza kuwa ndiyo adui. Watunzaji wa British Museum kule London, tangu miaka ya 1970, wana kipimo cha kujaribu vitambaa na mbao kabla ya kuviweka karibu na vitu vya fedha: hufungia kipande cha kitu hicho pamoja na kipande cha fedha safi ndani ya chupa, na unyevu kidogo, kwenye joto la nyuzi 60 kwa siku 28, kisha hutazama kama fedha imefubaa. Sisi hatuna oveni ya maabara, ila jua la Dodoma lipo. Chukua chupa ya jemu yenye kifuniko, weka uzi wa bitana, hereni ya fedha iliyosafishwa na pamba yenye matone ya maji, visigusane. Chupa nyingine iwe na hereni na pamba bila bitana, ili upate pa kulinganishia. Zianike juani mwezi mmoja. Hereni ya bitana ikipiga manjano na nyingine isipige, bitana haifai. Sanduku likishindwa jaribio hilo, livishe tarumbeta mfuko wa pamba iliyofuliwa vizuri, au ulizungushie nailoni safi kabla ya kulifungia. Ala iwe kavu kabisa kwanza, maana nailoni hufungia unyevu vilevile inavyozuia hewa.

Zipo pia karatasi maalumu za kunyonya salfa, zinauzwa na wauza vifaa vya muziki na masonara. Zinafanya kazi kweli, lakini kwenye sanduku linalofungika tu. Vile vipakiti vya silika jeli mnavyovikuta kwenye maboksi ya viatu hunyonya maji, salfa havigusi. Viwekeni masika, kiangazi havina la kufanya. Chaki nyeupe ya shuleni ni hivyohivyo, na ukiiweka ifunge kwenye kitambaa, isimwage unga wake.

Nimesema hali ya hewa inatubeba. Upande wa pili wa shilingi ni vumbi. Kuanzia Juni hadi Oktoba upepo wa hapa unaujua. Msafara wa harusi kutoka Area C hadi ukumbini, ninyi mko juu ya kirikuu mnapiga, gari la mbele linatimua vumbi na moshi wa dizeli, mnafika ala zote ni nyekundu. Mkono unakwenda wenyewe kwenye shati kufuta. Usifute! Chembe za mchanga ni ngumu kuliko fedha kwa mbali sana, na kitambaa kikavu juu ya vumbi ni msasa. Mikwaruzo midogo myepesi unayoiona kwenye ala za zamani, ile inayofanya fedha ionekane kijivu hata ikiwa safi, mingi imetokea hivyo. Puliza kwanza, au pangusa kwa brashi laini ya manyoya bila kukandamiza, na kama maji yapo suuza. Kitambaa ndicho cha mwisho. Kikianguka chini, kinaenda kufuliwa, hakikung'utwi.

Kitambaa kizuri mnacho nyumbani. Khanga ya pamba iliyofuliwa hadi ikalainika, au fulana ya pamba kuukuu isiyo na maandishi ya plastiki. Kifuliwe kwa sabuni ya kawaida, bila Jik na bila dawa za kulainisha nguo.

Kila baada ya kupiga, hata yakiwa mazoezi ya nusu saa, futa mahali mikono ilipokaa. Jasho lina chumvi, na nyama choma uliyokula kabla ya ibada ya jioni nayo inaacha kitu vidoleni. Nawa kabla ya kushika ala, hili halina mjadala. Zile glovu nyeupe mnazoziona kwa bendi za polisi na jeshi kwenye gwaride zinapendeza, ndiyo, lakini pia zinatenga fedha na jasho. Kwenye kundi letu hatuvai, basi tufute. Dakika mbili hizi zinaokoa zaidi kuliko polishi yoyote itakayonunuliwa.

Kuosha: maji ya vuguvugu, yasiwe moto, na matone machache ya sabuni ya maji ya vyombo. Mitaa kadhaa ya Dodoma maji ya kisima yana chumvi, na yakikaukia kwenye ala huacha madoa meupe, na chumvi yenyewe si rafiki wa fedha. Suuza mara ya mwisho kwa maji ya kunywa au ya mvua, halafu kausha papo hapo. Usiianike juani ikauke yenyewe. Na tafadhali, kipulizio, kile kipande kinachokaa midomoni, kisiloweshwe kwenye Jik eti kuua vijidudu vya mafua. Klorini huishambulia fedha, itatoka kijivu au nyeusi. Sabuni na brashi ndogo vinatosha.

Sasa kusugua. Rangi ya manjano hafifu haihitaji polishi. Kitambaa chenye unyevu, kisha kikavu, na inayobaki iache. Weusi mwepesi haubadilishi sauti ya tarumbeta hata kidogo. Anayekwambia vinginevyo anatafuta kisingizio cha noti alizokosa. Ikifika kahawia iliyoiva na kuna sherehe kubwa mbele, hapo tumia polishi ya fedha, kama Silvo. Brasso ni ya shaba tupu, chenga zake ni kali mno kwa mchovyo. Majivu, stili waya, dawa ya meno, mchanga, limau na chumvi: hivyo ni vya sufuria, viacheni jikoni. Paka kidogo, futa kwa kufuata urefu wa bomba, usikandamize, na kwenye kona na maandishi ya kiwanda pita juujuu kwa sababu hapo ndipo fedha huisha kwanza. Usikaribie vali, pale vidole vinapobonyeza. Unga wa polishi ukiingia kwenye pistoni unazisaga, na pistoni zenyewe hazing'arishwi kamwe, zinataka mafuta yake tu. Kwa mwaka mara moja inatosha, mbili kwa anayecheza harusi kila Jumamosi.

Kwa kipulizio na vipande vidogo vinavyochomoka kuna njia isiyomaliza fedha. Tandika karatasi ya aluminiamu ndani ya bakuli, weka kipulizio kiguse karatasi, tia kijiko cha bekingi soda na maji ya moto. Utasikia harufu ya yai viza: hiyo ni salfa inaondoka, na fedha iliyokuwa imefungwa nayo inarudi kuwa fedha palepale ilipokuwa. Dakika chache, toa, suuza, kausha. Kitatoka cheupe bila mng'aro mkali, kifute kwa khanga. Usitumbukize tarumbeta zima humo. Lina springi, vizibo, vipande vya sufu na viungo vya lehemu, na humo ndani maji yale yatabaki mahali usipopaona.

Kuna ala ambazo tayari manjano ya shaba yanachungulia, hasa pale kiganja cha kushoto kinaposhika vali. Hizo zisikunyime usingizi, mdogo wangu. Kurudishia mchovyo ni kazi ya umeme na kemikali zenye sumu kali, haifanywi uani na fundi wa kuchomelea, na kwa ala ya kawaida gharama yake haina maana. Futa jasho, piga kazi. Ila kipulizio kikionyesha shaba pale midomo inapokaa, kirudishe stoo, usiendelee nacho. Shaba yenye unyevu wa mate huota ukijani, na ukijani huo hautakiwi mdomoni. Nina vichache vya akiba kwenye kopo juu ya kabati, chagua kinacholingana na chako kabla ya mazoezi ya Alhamisi.