Katoka ICU Jumatatu, Jumatano Karudi

Mgonjwa akirudishwa ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, ndani ya saa 48 tangu apelekwe wodini, kinachoandikwa kwenye faili ni kwamba hali ilibadilika ghafla. Ghafla hiyo ni nadra. Rudi nyuma saa sita au nane kwenye chati: pumzi zilikuwa zinapanda, mkojo unapungua, na kuna kazi iliyokuwa ikifanywa kila mara kule ICU ambayo huku wodini haikukabidhiwa mtu. Nesi wa ICU ana mgonjwa mmoja au wawili. Wa wodini, zamu ya usiku, anaweza kuwa peke yake na wagonjwa 30. Ndiyo maana kabla kitanda hakijasukumwa, hesabuni kazi alizokuwa akifanyiwa, na kila kazi ipate mwenyewe.

Anzeni na makohozi. Aliyekaa na bomba la kupumulia siku tano, misuli ya kifua na tumbo imenyong'onyea. Anakohoa lakini hakitoki kitu. ICU walikuwa wanamfyonza. Wodini makohozi yanatuama, sehemu ya chini ya pafu inasinyaa, naye anafidia kwa kupumua haraka: pumzi 18 kwa dakika, kisha 24, kisha 28. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni bado kinasoma 95, kila mtu ametulia. Akishachoka ndipo namba inaporomoka, na hapo tayari mnamkimbiza.

Aketishwe, mgongo uegemee, ashushwe kitini mara mbili tatu kwa siku hata kwa robo saa. Kila saa akiwa macho avute pumzi ndefu kama kumi, kisha akohoe. Mwenye kidonda cha tumbo akumbatie mto anapokohoa, na apewe dawa ya maumivu mapema, maana anayeumia hakohoi.

Pumzi zihesabiwe dakika nzima, kwa kutazama saa, kifua kikiwa wazi. Ukikuta chati ya wodi nzima imeandikwa 20 kwa kila mgonjwa, hakuna aliyehesabu. Katika NEWS2, mfumo wa alama za kutambua mgonjwa anayezidiwa unaotumika Uingereza tangu 2017, pumzi 25 au zaidi peke yake inatoa alama 3. Jumla ikifika 5 daktari anaitwa haraka, ikifika 7 ni dharura. Hata kama hospitali yenu haina fomu hiyo, pumzi 25 zisipite bila mtu kuja kumwona.

Kipimo cha kidoleni nacho kina hila zake. Namba 96 kwa oksijeni lita 2 na 96 kwa lita 8 ni wagonjwa wawili tofauti, kwa hiyo lita ziandikwe kando ya namba kila mara. Rangi ya kucha, hina nyeusi na vidole vya baridi huharibu usomaji. Jaribu kidole kingine au ndewe ya sikio. Kwenye ngozi nyeusi mashine hizi huweza kusoma juu kuliko hali halisi, kwa hiyo 92 ya mtu anayehema usiiamini sana. Mwenye ugonjwa sugu wa mapafu, yule mvutaji wa miaka mingi, lengo lake huwa 88 hadi 92. Kumlazimisha 99 kunaweza kumlewesha kwa hewa chafu anayoshindwa kuitoa.

Halafu uji. Ndugu wamesubiri wiki nzima, mgonjwa amefumbua macho, chupa ya chai imeshafunguliwa. Lakini koo lililokaa na bomba zaidi ya siku mbili mara nyingi limesahau kumeza, na wengine chakula kinaingia mapafuni bila hata kukohoa. Mpime kwanza: awe macho, ameketi wima, anaweza kukohoa. Mpe kijiko cha chai cha maji, ngoja, umwambie aseme "aaa". Rudia mara tatu. Akikohoa, au sauti ikawa kama ina maji ndani, au pumzi zikabadilika, acha. Alishwe kwa mpira wa puani, kesho apimwe tena. Akivuka, mpe maji mililita 90 anywe mfululizo bila kukatisha. Maji na chai ndivyo hupotea njia upesi zaidi. Uji mzito kidogo una nafuu. Anayelishwa kwa mpira naye kichwa kiinuke nyuzi 30 hadi 45, na kibaki hivyo walau nusu saa baada ya kulishwa. Haya yote aelezwe ndugu anayekaa naye, kwa utulivu, kabla hajafungua chupa.

Mwenye tundu la kupumulia shingoni asipelekwe kitanda cha mwisho wa wodi. Kando yake pawe na sakshen, mashine ya kufyonza makohozi, iliyojaribiwa leo hii, mfuko wa kumpumulisha kwa mkono, bomba la akiba la saizi ileile na jingine dogo kwa saizi moja. Saizi ya mpira wa kufyonzea: toa 2 kwenye saizi ya bomba, zidisha kwa 2, bomba namba 8, mpira namba 12. Kila ufyonzaji usizidi sekunde 10 hadi 15. Bomba la ndani likaguliwe kila saa nne, mara nyingi zaidi makohozi yakiwa mazito, kwani likikauka linaziba kama kizibo.

Mkojo uendelee kupimwa kwa siku mbili za kwanza. Mtu wa kilo 60 anatakiwa kutoa angalau mililita 30 kwa saa. Saa sita bila kufika 180 ni taarifa ya daktari. Na drip iliyoandikwa ICU isiendelee kwa mazoea wakati mtu anakunywa. Wengi hutoka kule wamevimba, maji yanarudi kwenye damu, ukiongeza lita tatu yanaishia mapafuni.

Pampu ya kuingizia dawa mshipani ni mali ya ICU, hubaki huko. Hapo ndipo insulini inapopotea. Ile ya mshipani inaisha nguvu kwa dakika tu, kwa hiyo sindano ya chini ya ngozi itangulie saa moja hadi mbili kabla pampu haijazimwa, la sivyo sukari inapanda jioni hiyohiyo. Na mpira wa chakula ukichomoka huku insulini imeshachomwa, pima sukari upesi.

Antibayotiki ya saa nane mchana hupotelea kwenye korido: ICU wanadhani atapewa wodini, wodini wanadhani amepewa. Iandikwe saa ya dozi ya mwisho na saa ya inayofuata. Dawa za presha za nyumbani zilizosimamishwa, iandikwe nani ataamua zirudi.

Kuhamisha usiku kuepukwe. Tangu 2000 tafiti za Uingereza zimeonyesha wanaotolewa ICU usiku hufa zaidi. Najua, majeruhi wa bodaboda yuko mlangoni na kitanda ni hicho kimoja. Basi awekwe karibu na meza ya manesi na apimwe kila saa hadi asubuhi. Hesabuni oksijeni ya njiani pia: mtungi wa lita 680 kwa lita 10 kwa dakika unakwenda dakika 68 ukiwa umejaa, 34 ukiwa nusu, na lifti inaweza kugoma.

Usiku wa kwanza akianza kuhangaika, anachomoa mipira, anaita watu wasiokuwepo, msikimbilie sindano ya usingizi. Kuchanganyikiwa kupya ni alama 3 kwenye NEWS2. Pimeni oksijeni, pumzi, presha, sukari, mkague kama mpira wa mkojo umeziba. Kisha mpigie simu ICU ukiwa na namba mkononi: pumzi ngapi sasa na ngapi saa nne zilizopita, oksijeni ngapi kwa lita ngapi, mkojo kiasi gani tangu asubuhi. Ukisema "hali si nzuri" utaambiwa uendelee kumwangalia.