Usimdunge oksitosini, mtenge kwanza na mwenzake

Weka sindano chini. Umesema jike lako la sungura alimkataa dume, ukamshika hadi akapandwa, siku ya 10 baada ya hapo ameanza kunyonyoa manyoya ya kifua, na unataka kumdunga oksitosini, homoni ya kuchochea uchungu wa kuzaa, ili azae haraka. Halafu umetaja kwa kupitia tu kwamba analala kizimba kimoja na jike mwingine. Shida yako iko hapo.

Sungura hasubiri mzunguko. Mayai hukaa kwenye ovari mpaka apandwe, kisha hutoka baada ya saa 10 hadi 12 hivi. Jike mwenzake akimpanda mgongoni, hilo nalo linaweza kuyatoa. Pale yai lilipotoka hubaki kijitezi kinachomwaga projesteroni, homoni ileile inayoshikilia mimba ya kweli kwa siku zote 31, na mwili unaamini una mimba. Kama hakuna watoto ndani, vijitezi hunyauka kati ya siku ya 16 na 18. Projesteroni inashuka, prolaktini, homoni ya maziwa, inapanda, jike ananyonyoa manyoya na kujenga kiota. Sasa rudisha siku nyuma: mimba hiyo ya uongo ilianza kama wiki moja kabla hujampeleka kwa dume. Ndiyo maana alimkataa! Oksitosini hukaza kizazi, haitoi kisichokuwemo.

Aliyeniuzia majike aliniambia niwaweke pamoja wasipate upweke, na kwamba jike akikataa dume basi ameshika mimba. Bado namkasirikia. Wote walikataa dume, wote wakanyonyoa manyoya, masanduku ya kuzalia yakajaa manyoya laini meupe, na ndani hamna hata mtoto mmoja. Nikawarudisha kwa dume huku bado wanalala kizimba kimoja, mambo yakawa yaleyale. Msimu mzima nalisha matumbo matupu. Na mtu huyo bado anauza na kushauri watu!

Kila jike na kizimba chake. Mtenge leo, zipite siku 18 bila kuguswa na sungura yeyote, ndipo umpeleke kwa dume. Siku ya 12 baada ya kupandwa, mshike mabegani kwa mkono mmoja, mwingine upitishe taratibu chini ya tumbo mbele ya nyonga. Mimba utaihisi kama gololi laini zinazoteleza vidoleni. Kinyesi ni kidogo zaidi na kigumu, usichanganye. Usibonyeze kwa nguvu.